Sura ya Saba: Joto Lililofungiwa Kabatini

Swali linalorudi kila kiangazi katika nyumba za Maskati ni hili: kwa nini risiva ya sauti inajizima yenyewe katikati ya filamu, ilhali kiyoyozi cha sebuleni kinafanya kazi tangu alasiri na waliokaa wameshaanza kujifunika shuka? Chumba kina baridi, spika ni nzima, nyaya zimekazwa. Hata hivyo, baada ya saa moja na nusu hivi, taa ya mbele inamemeta na sauti inakatika. Risiva ikiachwa nusu saa huwaka tena kana kwamba halikutokea jambo.

Jibu liko nyuma ya mlango wa kabati. Watu wanakaa katika chumba kimoja na risiva inakaa katika chumba kingine kidogo cha mbao, na kiyoyozi kinapoza kile cha kwanza tu.

Risiva inayozungumzwa hapa si king'amuzi, yaani kile kisanduku chepesi kinachopokea chaneli kutoka kwenye dishi. Ni sanduku kubwa, aghalabu la kilo 8 hadi 15, linalounganisha televisheni, king'amuzi, mashine ya michezo na spika tano, saba au zaidi. Denon, Yamaha, Marantz, Onkyo na Sony ni majina yanayojulikana. Kazi zake ni tatu: kupokea picha na sauti, kuichambua sauti ili kila spika ipate fungu lake, na kuikuza sauti hiyo hadi ijaze chumba. Kazi ya tatu ndiyo inayozaa sehemu kubwa ya joto.

Joto linatoka wapi

Umeme unaoingia kwenye risiva hugawanyika mafungu mawili. Fungu moja huenda kwenye spika na kutikisa hewa. Hilo ndilo linalosikika. Lililobaki hugeuka joto papo hapo, ndani ya sanduku.

Katika risiva nyingi, sehemu ya kukuza sauti ni ya aina inayoitwa daraja AB. Humo mna transista, vipande vidogo vya silikoni vinavyofanya kazi kama bomba la maji: hufunguliwa kidogo au sana kulingana na sauti inayohitajika. Katika daraja AB bomba hilo halifungwi kabisa hata pakiwa kimya. Umeme kidogo hupita muda wote, ili sauti ndogo itoke laini bila kukwaruza. Hali hiyo inafanana na teksi iliyosimama kituoni na injini inanguruma: haijaenda popote, lakini petroli inapungua na boneti linachemka. Ndiyo maana risiva iliyowashwa bila kutoa sauti yoyote inaweza kula wati 40 hadi 80. Karibu zote huishia kuwa joto. Anayekumbuka balbu ya zamani ya wati 60, ile iliyounguza vidole ikiguswa, anaweza kuiwazia balbu hiyo ikiwaka ndani ya kabati kuanzia magharibi hadi saa sita ya usiku.

Sauti ikipandishwa, joto huongezeka. Huongezeka zaidi spika zikiwa na ukinzani mdogo. Ukinzani ni kiasi ambacho spika inauzuia umeme usipite, na hupimwa kwa omu. Kwa kiwango kilekile cha sauti kwenye rimoti, spika ya omu 4 huvuta mkondo mara mbili ya ule unaovutwa na spika ya omu 8, na transista ndizo zinazobeba mzigo huo. Mwenye kabati dogo anayetaka kununua spika mpya afadhali achague za omu 8.

Chanzo cha pili cha joto husahauliwa. Bodi inayopokea waya za HDMI na kupitisha picha kubwa za 4K ina chipu zinazochemka hata sauti ikiwa chini kabisa. Chanzo cha tatu ni usingizi wa risiva yenyewe. Risiva iliyoruhusiwa kusikiliza mtandao ikiwa imezimwa, ili iweze kuwashwa kwa simu, hailali sawasawa. Hubaki na uvuguvugu saa 24.

Kuna risiva na vikuza-sauti vya daraja D, ambavyo huwasha na kuzima transista zake kwa kasi kubwa badala ya kuziacha nusu wazi. Hivyo huweza kupeleka zaidi ya asilimia 90 ya umeme kwenye spika vikifanya kazi kwa nguvu. Kwa kabati lisilowezekana kutobolewa, hilo ni jambo la kuulizia dukani kabla ya kuuliza idadi ya spika.

Kwa ufupi: risiva ya kawaida ni jiko dogo lisilozimika kwa kupunguza sauti. Kinachoweza kupunguzwa ni muda wa kuwaka, ukubwa wa sauti, na mzigo wa spika. Risiva kadhaa, zikiwemo za Denon na Marantz, zina mpangilio unaoitwa ECO unaopunguza umeme sauti ikiwa ndogo, na katika sebule ya kawaida ni vigumu sikio kugundua tofauti.

Kwa nini kiyoyozi hakitoshi

Tuseme risiva imewekwa katika sehemu ya kabati yenye upana wa sentimita 60, kina cha sentimita 50 na kimo cha sentimita 40. Humo mna lita 120 za hewa, na uzito wa hewa yote hiyo ni gramu 144 hivi. Embe moja la wastani linaushinda. Kuipandisha hewa hiyo nyuzi moja ya Selsiasi kunahitaji joto dogo mno, kiasi ambacho risiva ya wati 80 hukitoa kwa chini ya sekunde 2.

Kabati haliwaki moto kwa sababu mbao na chuma cha risiva hufyonza sehemu kubwa ya joto mwanzoni. Hapo ndipo ile saa moja na nusu inapotoka. Kwa muda huo vitu vinavyofyonza vinajaa, kisha joto lote linalozaliwa linapaswa kutoka kupitia kuta za kabati. Na ubao wa MDF, ule wa unga wa mbao uliogandamizwa ambao makabati mengi ya siku hizi yametengenezwa kwao, ni kizuizi kizuri cha joto. Alumini hupitisha joto zaidi ya mara 1,000 kuliko ubao huo. Sanduku la MDF lenye unene wa milimita 18, likiwa na wati 80 ndani na pande zote sita zikiwa huru, hutulia likiwa na joto la nyuzi 20 na kitu juu ya joto la chumba. Likibanwa ukutani, na rafu nyingine zikiwa juu na chini yake, tofauti hiyo inaweza kufika nyuzi 40. Chumba kikiwa na nyuzi 24, risiva inavuta hewa ya nyuzi 45 hadi 60 na zaidi.

Vitabu vya maelekezo vya risiva nyingi vinataja hewa ya kati ya nyuzi 5 na 35 kuwa ndiyo inayofaa. Baadhi ya vitabu vya Yamaha vinataka nafasi ya angalau sentimita 30 juu ya risiva, na sentimita 20 kila upande na nyuma. Makabati machache sana yana nafasi hiyo.

Wengi hujaribu kuliponya tatizo hili kwa rimoti ya kiyoyozi, na hapo ndipo fedha inapopotea bure. Kila nyuzi moja inayopunguzwa chumbani hupunguza nyuzi moja tu kabatini. Kiyoyozi kikishushwa kutoka 24 hadi 18, hewa ya kabatini iliyokuwa nyuzi 54 inashuka hadi 48. Watu wanatetemeka, bili ya umeme inapanda, na risiva bado iko mbali na ile 35.

Kinachoharibika

Risiva kujizima ni ulinzi. Ndani yake mna kihisio cha joto kinachokata kazi kabla transista hazijaungua, na mwenye nyumba anapaswa kushukuru kwamba kinafanya kazi. Hasara kubwa zaidi ni ile isiyotoa ishara.

Sehemu inayozeeka haraka kwa joto ni kapasita. Hizi ni mitungi midogo, mingi ikiwa na umajimaji ndani, inayoweka akiba ya umeme na kuitoa pale muziki unapohitaji nguvu ya ghafla. Kazi yake ni kama ya tangi la maji lililoko juu ya paa: bomba kubwa likifunguliwa ghafla, tangi ndilo linaloziba pengo. Joto hukausha umajimaji huo pole pole. Mafundi hutumia kanuni rahisi: kila nyuzi 10 zinazoongezeka hupunguza umri wa kapasita kwa nusu. Kapasita iliyoandikwa saa 2,000 kwa nyuzi 85 inatarajiwa kufanya kazi saa 4,000 kwa nyuzi 75, saa 8,000 kwa 65, saa 16,000 kwa 55, na saa 32,000 kwa 45.

Namba hizo zikiletwa sebuleni zinaeleweka vizuri zaidi. Nyumba inayowasha risiva saa 5 kila siku huitumia saa 1,825 kwa mwaka. Kapasita inayofanya kazi katika nyuzi 55 itamaliza saa zake baada ya miaka karibu 9; ile ya nyuzi 65, baada ya miaka 4 na kitu. Tofauti hiyo ya nyuzi 10 ndiyo tofauti kati ya kabati lenye matundu na lisilo nayo. Dalili za kapasita iliyochoka ni mvumo mzito kwenye spika, risiva inayochelewa kuwaka, au inayozimika mara mlipuko wa filamu unapotokea.

Madhara mengine ni ya risasi, ile metali inayounganisha vipande kwenye bodi. Bodi hutanuka ikipata joto na kusinyaa ikipoa, na baada ya maelfu ya mizunguko viungo vidogo chini ya chipu huanza kupasuka. Picha inayokuja na kupotea kila risiva inapochemka mara nyingi chanzo chake ni hicho.

Madirisha 14 ya Jabrin

Oman ilikuwa na jibu la tatizo hili kabla umeme haujajulikana. Ngome ya Jabrin, karibu na Bahla katika eneo la Ad Dakhiliyah, ilijengwa karne ya 17 na Bil'arab bin Sultan wa ukoo wa Yaaruba, aliyekuja kuwa Imamu. Ndani yake kuna chumba kinachoitwa Chumba cha Jua na Mwezi. Kina madirisha 14: saba yako chini karibu na sakafu, saba yako juu karibu na dari. Hewa yenye baridi huingia kupitia yale ya chini. Ikishapata joto la chumba na la watu, huwa nyepesi, hupanda, na hutoka kupitia yale ya juu, na kwa kutoka kwake huivuta nyingine kutoka chini. Hakuna kinachosukuma isipokuwa joto lenyewe.

Kanuni hiyohiyo ilikuwa katika taa ya chemli. Kioo chake kirefu ni dohani, yaani bomba la kupandishia hewa ya moto; hewa safi huingia kupitia vitundu vya chini vinavyozunguka utambi. Kioo kikitolewa, mwali huyumba na kutoa moshi. Vitundu vya chini vikizibwa, taa huzimika ingawa juu kumeachwa wazi. Hilo la pili ndilo kosa la kawaida katika makabati: fundi hutoboa tundu moja la nyaya nyuma, juu, na mwenye kabati huamini kwamba amelipatia hewa. Hewa haiwezi kutoka mahali ambapo nyingine haiingii.

Tundu linapaswa kuwa kubwa kiasi gani? Kwa risiva ya wati 80, na umbali wa sentimita 40 kati ya uwazi wa chini na wa juu, hesabu inatoa sentimita za mraba 300 hivi kwa kila uwazi, ili hewa ya kabatini isizidi ya chumba kwa zaidi ya nyuzi 10 bila feni yoyote. Hizo ni kama mfereji wa upana wa sentimita 5 unaopita urefu wote wa kabati la sentimita 60, mmoja chini na mwingine juu. Watu hushtuka wakiambiwa kipimo hicho, kwa sababu walitegemea vitundu viwili vya ukubwa wa sarafu. Uwazi ukifunikwa kwa wavu au nakshi inayoziba nusu yake, basi ukatwe kwa ukubwa mara mbili.

Njia rahisi kuliko zote ni kuondoa ubao wa nyuma. Aghalabu ubao huo ni mwembamba, umepigiliwa vijisumari tu, na hauonekani na mtu. Kisha kabati lisogezwe sentimita 8 hadi 10 kutoka ukutani, maana kabati lisilo na mgongo likigandamizwa ukutani limepata mgongo mwingine wa saruji. Ukuta wenyewe uchaguliwe kwa makini. Nyumba nyingi za Maskati zimejengwa kwa matofali ya saruji, na ukuta wa nje unaotazama magharibi hupigwa na jua kuanzia adhuhuri. Joto hilo hupenya na kufika ndani jioni, saa ileile ambayo familia inakaa kutazama. Kabati la risiva lisiegemezwe kwenye ukuta huo ikiwa kuna mwingine.

Mlango wa mbele wa kioo hupitisha mwanga wa rimoti lakini hauruhusu hewa kupita, kwa hiyo uzuri wake hauisaidii risiva. Mlango wa mbao uliokatwa kwa mtindo wa mashrabiya, ile kazi ya vijiti vilivyosukwa inayoonekana katika madirisha ya zamani, unafaa zaidi, na fundi seremala yeyote anayejua kazi yake anaweza kuutengeneza. Usipopatikana, mlango uachwe wazi wakati wa kutazama. Hatua hiyo haigharimu chochote, na pengine ndiyo pekee inayohitajika.

Mpangilio wa ndani nao una kanuni zake chache:

- Risiva ikae rafu ya juu kabisa au peke yake, ili joto lake lisipike king'amuzi au mashine ya michezo iliyo juu yake.
- Juu ya matundu ya risiva kusiwekwe kitu: si modemu, si rimoti, si kitambaa cha kufuma. Vitambaa hivyo hupendezesha sebule kutoka Unguja hadi Seeb, lakini vikifunika matundu vinageuka blanketi.
- Nyaya za nyuma zifungwe pembeni, zisirundikane kama pazia mbele ya njia ya hewa.
- Miguu ya risiva isikatwe wala kutolewa. Hewa huingia pia kupitia matundu ya chini yake.

Feni: ukubwa, mwelekeo na kelele

Pale ambapo kabati haliwezi kufunguliwa vya kutosha, feni hufanya kazi ambayo dohani imeshindwa. Zinazofaa ni zile za kompyuta, za volti 12, na ukubwa bora ni milimita 120 kwenda juu. Feni ya ukubwa huo, ikiwa huru, husogeza mita za ujazo 80 hadi 100 za hewa kwa saa. Ndani ya kabati lenye vizuizi hubaki kama nusu. Kwa risiva ya wati 80, mita za ujazo 24 kwa saa zinatosha kuishikilia hewa isizidi ya chumba kwa zaidi ya nyuzi 10, na 48 kwa nyuzi 5. Maana yake ni kwamba feni moja tu, ikiwekwa vizuri, inamaliza kazi.

Kuwekwa vizuri ndiko kugumu. Hewa ya moto inataka kupanda, na feni inapaswa kuisaidia ipande. Feni iliyolazwa juu ya risiva ikipuliza kuelekea chini inairudisha hewa ileile ndani ya sanduku ililotoka. Ivute kutoka risiva na kutupa nje. Na nje maana yake ni chumbani penye kiyoyozi, si kwenye rafu ya jirani wala kwenye uchochoro uliofungwa nyuma ya kabati. Uwazi wa kutoa ukiwa karibu sana na wa kuingiza, hewa ya moto huzunguka tu na kurudi, kwa hiyo ni bora kuingiza kupitia chini mbele na kutoa kupitia juu nyuma.

Mtihani wa mwelekeo ni rahisi katika nyumba yoyote yenye udi: kijiti kinachofuka kikisogezwa kwenye uwazi wa chini, moshi unapaswa kunywewa ndani; kikisogezwa juu, usukumwe nje. Moshi ukisimama au ukirudi, kuna kitu kimeziba.

Kelele ndiyo inayowafanya wengi wazizime feni zao baada ya wiki moja. Suluhisho ni kutumia feni kubwa na kuzizungusha taratibu. Feni inayopunguzwa kasi kwa nusu husogeza nusu ya hewa, lakini kelele yake hupungua kwa desibeli 15 hivi, tofauti ambayo sikio huihesabu kuwa kubwa sana. Feni mbili zinazozunguka nusu kasi husogeza hewa sawa na moja ya kasi kamili, na karibu hazisikiki. Feni za volti 5 zinazochomekwa kwenye tundu la USB zimetengenezwa kwa falsafa hiyo. Zikichomekwa kwenye USB ya televisheni, huwaka na kuzima pamoja nayo, lakini risiva huendelea kuchemka kwa dakika kadhaa baada ya kuzimwa. Afadhali kununua seti yenye themostati, kifaa kinachohisi joto na kuwasha feni chenyewe, kikipangwa kuanza nyuzi 32 au 33 na kuzima joto likishuka.

Vumbi, ubani na unyevu

Feni huleta hewa, na hewa ya Maskati huja na vitu vyake. Upepo wa gharbi, ule mkavu unaovuma kutoka jangwani wakati wa kiangazi, hupandisha joto la pwani na kubeba vumbi laini linalopenya hata madirisha yaliyofungwa. Vumbi hilo likitua kwenye mbavu za alumini zinazopoza transista, huzifunika kama sufi.

Kisha kuna ubani. Nyumba ya Kiomani isiyofukizwa ni nadra, na chetezo huletwa sebuleni wageni wakija na Ijumaa. Moshi wa ubani na bukhuri una utomvu, na utomvu huo ukigusa panga za feni na bodi za ndani huacha ngozi nyembamba inayonata. Vumbi linalofika baadaye halipeperuki tena. Hakuna haja ya kuacha desturi nzuri namna hiyo. Inatosha feni ya kabati izimwe wakati wa kufukiza na chetezo kisiwekwe sakafuni mbele ya uwazi wa kuingizia hewa.

Uwazi wa kuingiza ufunikwe kwa wavu laini unaoweza kutolewa na kuoshwa, kila mwezi wakati wa kiangazi na kila miezi mitatu wakati mwingine. Wavu huo huzuia pia mende, wanaopenda sana sanduku lenye giza na uvuguvugu. Juu ya risiva pasafishwe kwa brashi laini na mashine ya kunyonya vumbi, waya ukiwa umechomolewa. Kulifungua sanduku lenyewe ni kazi ya fundi, kwa kuwa kapasita kubwa hubaki na umeme hata baada ya waya kutolewa ukutani.

Wapo wanaofikiria kuvuta bomba kutoka kiyoyozi hadi kabatini. Wazo hilo lina hatari katika mji wa pwani. Anayevaa miwani anajua kinachotokea akishuka kwenye gari lenye ubaridi mwezi wa Julai: vioo hujaa ukungu papo hapo. Kitu chenye baridi kikikutana na hewa yenye unyevu wa bahari, matone ya maji hutanda juu yake. Risiva iliyozimwa na kupozwa mno, mlango wa nyumba ukiachwa wazi wakati wageni wanaingia, inaweza kupata umande huo juu ya bodi zake. Hewa ya kawaida ya chumba inatosha. Kinachohitajika ni ipite.

Miezi ya nyumba tupu

Tarehe 26 Juni 2018, katika mji wa Qurayyat ulio pwani ndani ya Mkoa wa Maskati, halijoto haikushuka chini ya nyuzi 42.6 kwa siku nzima, usiku na mchana. Siku kama hizo kiyoyozi kikizimwa nyumba haipati nafasi ya kupoa alfajiri.

Huo pia ndio msimu ambao familia nyingi huenda Salalah kufuata kharifu, mvua za manyunyu za Dhofar zinazohesabiwa kuanzia Juni 21. Nyumba hufungwa, viyoyozi huzimwa, na risiva huachwa katika usingizi wake wa kusikiliza mtandao. Chumba chenye nyuzi 40 na kabati lililofungwa juu yake huiweka katika joto la kiwandani mchana na usiku, wiki baada ya wiki, bila mtu kusikia hata wimbo mmoja. Kabla ya safari risiva izimwe kwenye swichi ya soketi, au waya uchomolewe, na milango ya kabati iachwe wazi.

Wakirejea, kiyoyozi kiwashwe kwanza na risiva isubiri hadi mbao za kabati zenyewe ziwe baridi zikiguswa. Hewa hupoa kwa dakika chache. Mbao na chuma huchukua saa moja au zaidi.

Kupima badala ya kukisia

Kipimajoto kidogo chenye kihisio cha waya hutosha. Kihisio kiwekwe ndani ya kabati, sentimita chache juu ya risiva na pembeni, kisigusane na chuma, na skrini ibaki nje. Risiva iwashwe kwa sauti inayotumiwa kawaida kwa saa 2, kisha namba isomwe pamoja na joto la chumba.

Tofauti ya nyuzi 10 au chini kati ya kabati na chumba inaonyesha kuwa njia ya hewa ni nzuri. Kati ya 10 na 20, uwazi uongezwe au feni iwekwe. Ikizidi 20, risiva isitumike milango ikiwa imefungwa hadi kabati lirekebishwe. Baada ya kila badiliko kipimo kirudiwe siku ileile ya wiki, kwa muda uleule, ili kilichosaidia kijulikane. Pasipo kipimajoto, mkono unaweza kutoa fununu: bamba la juu la risiva kuwa na uvuguvugu ni kawaida, lakini lisipovumilika kwa sekunde 5, limekaribia au kupita nyuzi 60.

Hutokea pia kwamba kipimajoto kinaonyesha chini ya 35 na risiva bado inajizima. Hapo kosa halimo katika hewa. Ikijizima ndani ya dakika za mwanzo, ingali baridi, waya za spika zikaguliwe kwanza: uzi mmoja mwembamba wa shaba uliochomoza na kugusa tundu la jirani unatosha kuiamsha hali ya ulinzi. Waya zote zikichomolewa nyuma na risiva ikabaki imewaka, zirudishwe moja moja hadi yenye kosa ijulikane. Ikijizima hata bila spika, ipelekwe kwa fundi wa elektroniki.